Walionyolewa Upande Mmoja

Hapo zamani, wakati mtu akivaa kofia watu wakimwuliza anaficha nini, palikuwa na nchi ya warina asali. Nchi yenyewe ilikuwa msitu, miyombo mpaka macho yachoke, na kila mti mkubwa ulikuwa na mzinga wa gogo uliotundikwa juu. Kila mzinga ulichomwa alama ya mwenyewe kwa chuma cha moto. Huyu alama yake mistari, huyu jicho, huyu unyayo wa ndege. Mtu alikwenda mbali na nyumbani kwake, akatundika mzinga, akauacha huko, akarudi zake kulala. Hakuweka mlinzi wake. Hakuweka mbwa. Aliwaachia nyuki na aibu.

Nasema aibu, na wewe unayecheka pale nyuma ungeionja usingecheka. Mwizi wa asali katika nchi ile hakufungwa wala hakutozwa kitu. Alinyolewa. Yeyote aliyemshika alimketisha chini ya mti ule ule, wembe ukapita upande mmoja wa kichwa, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, na upande wa pili ukaachwa vilevile. Upande nywele, upande kipara. Kisha akaambiwa, "Haya, nenda nyumbani." Basi! Alikwenda peke yake, bila kamba, na kichwa chake kikamtangaza kila alipopita. Watoto walimwimbia. Wanawake walifunika vyungu. Nywele zikaota, zikawa ndefu, zikawa mvi, na bado watu walisema, "Yule aliyenyolewa."

Katika nchi hiyo akatokea mwalimu wa dini. Hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa pale pale, aliyefuatana na misafara mpaka pwani, na wenzake waliporudi na shanga na vitambaa, yeye akarudi na habari za Yesu. Jina lake sitalitaja, na kwa nini silitaji mtajua huko mbele. Nitamwita Mwalimu, kama walivyomwita wao. Alimwoa Nyanzobe, akajenga, akawamba ngoma, na kila Jumapili akaipiga. Wakaja watu wachache, kisha wakaja wengi kidogo.

Mwalimu aliwaambia, "Siku itakuja tutateswa. Mtu akiteswa kwa sababu ameiba, na aone haya, anastahili. Lakini tukiteswa kwa sababu ya Yesu, tuinue vichwa. Hapo hakuna aibu."

Maneno hayo yakafika kwa Mtemi Mgalula, mtawala wa nchi ile. Mtemi alikuwa na akili, na akili ya mtu mbaya ni kitu kibaya. Akawaita wanyampara wake, wazee wa baraza, akasema, "Watu wa nchi hii ni wa mizimu ya baba zangu. Huyu Mwalimu anawachukua. Anayechukua cha mwenzake anaitwaje?"

"Mwizi, Mtemi."

"Na mwizi tunamfanyaje?"

"Tunamnyoa," wakajibu. Mmoja akasema, "Lakini Mtemi, wao wamefundishwa wainue vichwa wakiteswa kwa ajili ya huyo Yesu. Wanaona haya kwa wizi tu."

Mtemi akacheka mpaka usinga ukamponyoka mkononi. "Vizuri sana! Basi wanyolewe kama wezi wa asali. Tuone watainua vichwa gani."

Siku ya gulio, asubuhi, uwanja wa Mtemi ukajaa. Upande mmoja kiliwekwa kibuyu cha pombe ya mizimu. Upande mwingine alikaa kinyozi na wembe wake. Anayekunywa amerudi kwa mizimu, aende zake na nywele zake. Asiyekunywa aje kwa wembe, kisha fimbo, kisha aachiwe, kichwa kimalizie kazi. Mwalimu peke yake, na yeyote atakayejaribu kutoroka, watapelekwa chumvini, mbugani kule ambako wafungwa wa Mtemi walichemsha maji ya chumvi mchana kutwa mpaka miguu ikapasuka.

Akanyolewa Mwalimu kwanza, wote wakaona. Upande nywele, upande kipara. Akasimamishwa kando, mikono nyuma.

Akaitwa Kashindye. Hapo watu walisukumana wamwone, maana Kashindye alikuwa mrina asali mkubwa kuliko wote. Mizinga yake ilikuwa na alama ya unyayo wa ndege, na ukiikuta alama ile msituni ulijua uko katika ardhi ya mtu mwaminifu. Mtu huyu hajawahi hata kuokota nta iliyodondoka chini ya mzinga wa mwingine.

"Kashindye," Mtemi akasema, "kunywa, ndugu yangu. Kichwa kama chako si cha kunyolewa."

"Sinywi, Mtemi. Mimi ni wa Yesu."

Kibuyu kikaletwa mpaka midomoni, akafumba mdomo. Wembe ukaja, hakukimbia. Fimbo zikaja, hakulia. Alichapwa mpaka hakuweza kukaa, na hata walinzi walisema yule ni mwanamume.

Akaitwa Wande. Huyu alikuwa dada wa mke wa Kashindye, na kazi yake ilikuwa ususi. Hakuna bibi harusi katika nchi ile ambaye kichwa chake hakikupita kati ya magoti ya Wande. Na nywele zake mwenyewe, loo! Alimwona shemeji yake damu zinamtoka mgongoni. Aliuona wembe una nywele za watu zimeganda. Akasema, "Mimi? Mimi nilikwenda kusikiliza ngoma tu. Huyo Yesu wao simjui." Akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.

Alipokiweka chini, macho yake yakakutana na ya Mwalimu. Mwalimu akageuza uso upesi. Wande akaenda nyumbani na nywele zake zote, na uso ule uliogeuzwa ukaenda naye.

Sasa sikilizeni la tatu, hili ni la ajabu. Siku hiyo hiyo, alfajiri, kijana mmoja jina lake Mlekwa alikuwa msituni juu ya mti, mkono ndani ya mzinga usio wake. Si muumini huyu. Hata ngoma ya Mwalimu hajawahi kuisogelea. Ni mwizi wa asali tu, na siku hiyo arobaini zake zilikuwa zimefika. Mzee mmoja, mlinzi wa msitu wa Mtemi, asiyemjua kijana huyo hata kwa jina, akapita chini. Akamteremsha, akamketisha, akamnyoa. Upande nywele, upande kipara. "Haya, nenda nyumbani."

Mlekwa akaenda. Hakujua habari za gulio. Alijua tu kwamba nyumbani kuna mamake, mjane, mtoto wake ni yeye mmoja, na mama huyo alizoea kuwaambia wanawake kisimani, "Mwanangu ana kasoro zake, lakini cha mtu hagusi." Akazunguka nyuma ya uwanja ili afike nyumbani bila kuonekana. Vijana wa Mtemi wakamwona ananyata, wakaona kichwa. Nao asubuhi nzima walikuwa wakiwanyoa waumini. Wangewaza nini kingine?

"Mwingine huyu! Anatoroka!"

Wakamrukia, wakamburuta mpaka katikati. Mmoja alimjua kidogo, akamwonea huruma. Akasema, "Wewe Mlekwa, tangu lini umekuwa mtu wa Yesu? Sema wewe si wao, uende zako."

Ilibaki aseme neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kweli tupu. Akafungua kinywa. Akamwona mamake mbele ya watu, ungo wa unga kichwani, amekodoa macho. Kama si wa Yesu, basi hiki kichwa ni cha nini? Kila mtu angeuliza hivyo. Mama angeuliza hivyo.

Mlekwa akasema, "Mimi ni wao."

Alichapwa kuliko wote kwa sababu ya kutoroka. Akafungwa kamba moja na Mwalimu, wakapelekwa chumvini.

Turudi kwa Kashindye. Mke wake alikuwa amekwenda kujifungua kwa wazazi wake ng'ambo ya mto. Habari ikaja amejifungua mtoto wa kiume, baba aje. Kashindye akajishika kichwa. Fimbo zilikuwa zimeanza kupona, hizo hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba ng'ambo ya mto hawakuwa na habari kamili za baraza la Mtemi, ila desturi ya mwizi wa asali walikuwa nayo hiyo hiyo. Atawaelezaje wakwe? Kabla hajafungua kinywa watakuwa wamekwisha kufunika vyungu. Akatafuta kofia ya ngozi ya mbega, akaivuta mpaka masikioni.

Baba mkwe akampokea, akamtazama. "Mkwe wangu, kofia ya manyoya na jua lote hili?"

"Nina mapunye, baba."

"Pole sana. Tumesikia kwenu kuna watu wa Yesu wamenyolewa kama wezi."

Kashindye akainama kumtazama mtoto. "Nami nimesikia hivyo, baba."

Mnaona? Mtu aliyemjibu Mtemi mbele ya nchi nzima! Mimi nikifika hapa huwa naona uso unanichoma kwa ajili yake.

Na Wande je? Wande aliendelea na ususi, lakini mikono ilikataa. Kila kichwa alichoshika, kidole chake kilitafuta katikati, mahali pa kugawa nywele, na hapo kikasimama. Aliona upande huu, akaona upande ule. Wateja wakamwuliza anaumwa nini. Gulio lililofuata, akachukua wembe, akajinyoa mwenyewe. Upande nywele, upande kipara. Akajitwika kikapu cha karanga, akapita katikati ya gulio.

Watu wakashangaa. "Wande! Si ulikunywa wewe? Nani kakunyoa?"

"Nimejinyoa. Siku ile nilisema uongo. Mimi ni wa Yesu."

Mtemi alipoambiwa akasema, "Huyo amerukwa na akili, mwacheni." Hakupigwa hata kofi. Lakini mumewe alisema hawezi kulala na kichwa kile, akamrudisha kwa wazazi wake. Kwa wazazi gani? Kwa wale wale, ng'ambo ya mto.

Akaingia uani na kikapu chake, kichwa wazi. Mamake akapiga ukemi. Babake akasimama, akamgeukia Kashindye aliyekaa kivulini na kofia yake. "Mkwe wangu, wewe unakaa karibu nao. Unawajua hawa watu waliomharibu binti yangu?"

Wande akamtazama shemeji yake. Shemeji akatazama chini.

"Nawasikia tu, baba," Kashindye akasema.

Wande angemsutaje, naye kibuyu alikinywa? Akapita, akaenda kuweka kikapu ndani. Kashindye alikaa kule mpaka nywele zikaota zikalingana, akarudi kwake kichwa wazi. Wande, kila nywele zilipoota, alizinyoa tena upande ule ule. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna mwanamke aliyempa tena kichwa asuke.

Chumvini nako, Mwalimu alichemsha maji mpaka miguu ikapasuka, ikaoza, ikashindwa kumbeba. Mlekwa akambeba. Alimbeba mgongoni asubuhi kwenda kwenye vyungu vya chumvi, akambeba jioni kurudi. Zamu ya Mwalimu akaifanya yeye. Nyanzobe, mke wa Mwalimu, aliwafuata, akajenga kibanda karibu na mbuga, akawa anawaletea chakula walinzi walipomruhusu. Aliyaona yote hayo kwa macho yake. Mwalimu alimwambia, "Mke wangu, mwangalie huyu. Hata darasani kwangu hakukaa, lakini aliposhikwa hakumkana Bwana. Huyu ndiye shujaa."

Mlekwa akisikia hivyo alifungua kinywa aseme kweli. Kisha alikifunga. Kesho yake tena alikifungua, tena alikifunga. Mwalimu akamfundisha sala, akazishika. Akambatiza kwa maji ya kibuyu. Kisha Mwalimu akaugua homa, na siku moja mchana, Mlekwa akiwa amekwenda kuchanja kuni, Mwalimu alifariki mikononi mwa mkewe.

Nyanzobe aliwaambia waumini maneno ya mwisho ya mumewe: "Jina langu apewe asiyeona haya."

Sasa ndiyo niwaeleze habari ya jina. Katika nchi ile mtu mzima akifa, jina lake halitamkwi mpaka apatikane wa kulirithi. Mrithi anafungwa ushanga mweupe mkononi, anaitwa kwa jina la marehemu, na kazi ya marehemu inakuwa yake. Jina halichagui mwanamume wala mwanamke. Mwanamke akirithi jina la mwanamume, hata wazee watamwita baba. Zamani mrithi alirithi na mjane pia. Waumini hilo walilifuta, kwa hiyo acheni kukonyezana. Jina lisipopata mtu kabla ya mvua za kwanza, linazikwa. Halitatajwa tena na mtu yeyote, hata na mkewe, hata kwenye sala. Ngoma ya Mwalimu ilikuwa imefunikwa uso chini uani kwake, ikingoja mkono wa mwenye jina. Na Nyanzobe, kamba ya msiba kiunoni, alikuwa hajaruhusiwa kulitaja jina la mume wake hata akiwa peke yake na ukuta.

Mtemi Mgalula naye akafa, wenye nguvu nao hufa. Mtemi mpya hakuwapenda waumini wala hakuwachukia. Akasema, "Ombeni mnavyotaka, mradi msinisumbue." Wafungwa wakarudi kutoka chumvini. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Basi asubuhi moja waumini wakakusanyika uani kwa Nyanzobe, naye akatoka na ushanga mweupe kiganjani.

"Ndugu zangu," akasema, "mawingu mnayaona. Mume wangu alisema apewe asiyeona haya. Nionyesheni mtu huyo."

Kashindye akasimama. Mtu mzima, sauti imetulia. "Mama, mimi sikunywa. Wembe ulikuja, sikukimbia. Fimbo zilikuja, sikulia. Mtemi aliniuliza mbele ya nchi nzima mimi ni wa nani, nikamjibu. Kama yupo mwingine hapa aliyeulizwa na Mtemi uso kwa uso akajibu hivyo kwa kweli, asimame nami nitakaa."

Watu wakaitikia, "Kweli! Kweli kabisa!"

Wande akainuka kutoka nyuma, kichwa chake kikiwa vilevile. "Shemeji, Mtemi ulimjibu. Na baba yangu je? Baba alikuuliza uani, nimesimama hapo na kichwa hiki. Ulimjibu nini?"

Kashindye akapitisha mkono kichwani.

"Waambie, shemeji. Ulikuwa na mapunye?"

Baadhi ya watu walicheka, kisha wakaona si mahali pa kucheka. Kashindye akasema polepole, "Nilivaa kofia. Nilisema uongo. Maumivu niliyaweza, Wande. Kudhaniwa mwizi, mimi Kashindye, ndiko sikukuweza. Lakini wewe ulikunywa! Ulimkana Bwana kwa kinywa chako, Mwalimu anakutazama."

"Nilikunywa," Wande akasema. "Kila mtu anajua nilikunywa, na nimehakikisha wanajua. Wewe ulilazimishwa kunyolewa, ukaficha. Mimi sikulazimishwa, nikaonyesha. Nywele zenu zimeota zamani. Zangu nimezikata kila zilipotaka kunisahaulisha. Nimeachwa na mume, nimeachwa na kazi. Asiyeona haya ni yupi? Lakini sidai. Sitaki mtu aniite kwa jina lile, halafu niuone uso wa Mwalimu ukigeuka."

Hapo watu wakaanza kupiga kelele. "Mlekwa! Apewe Mlekwa! Hakunywa kama huyu, hakuvaa kofia kama yule! Amembeba Mwalimu mgongoni!" Na mamake Mlekwa, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na nguo yake safi, akapiga vigelegele. Nyanzobe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamshika Mlekwa mkono, akauzungusha ushanga.

Mlekwa akauvuta mkono. "Mama, usifunge."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mimi sikunyolewa na Mtemi. Nilinyolewa msituni, alfajiri ile, chini ya mzinga. Nilikuwa naiba."

Vigelegele vikakatika. Kashindye akauliza, "Mzinga wa nani?"

"Wenye unyayo wa ndege."

Ua mzima ukamtazama Kashindye, mwenye mzinga. Mlekwa aliendelea, maana akinyamaza hataweza tena. "Waliniambia niseme mimi si wao niende. Nilitaka kusema. Nikamwona mama. Sikumkiri Yesu siku ile, jamani. Nilimficha mama wizi. Mwalimu aliniita shujaa mpaka anakufa, nami nilinyamaza."

Nyanzobe akamwuliza, "Na sala zako chumvini? Nilizisikia mimi."

"Mwanzo nilisali nisije nikajulikana. Baadaye nikajikuta nasali hata nikiwa peke yangu. Siku ilipogeuka siijui. Fimbo za chumvini nilizipigwa nikiamini, mama. Za mwanzo, hapana."

Mamake akasimama, akamtazama mwanawe. "Mlekwa, mimi nilibatizwa kwa ajili ya kichwa chako. Nilisema, kama mwanangu ameweza, na mimi nitaweza. Kisimani nimekutaja kila siku." Akavuta nguo yake, akajifunika uso, akakaa chini. Mlekwa hakuinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, watu wote wakayaona, wala hakuyafuta.

Wengine wakapiga kelele, "Mwizi!" Wengine wakasema, "Mwizi ndiyo, lakini nani kati yetu angesema vile mbele ya mama yake, ushanga uko mkononi?" Kashindye akasema, "Asali nimemsamehe. Jina siwezi kumpa." Mlekwa akasema, "Mpeni Wande." Wande akatikisa kichwa. "Wande alinywa!" mtu akapaza sauti nyuma.

Nyanzobe akainua mkono, wakanyamaza.

"Na mimi nina langu," akasema. "Maneno ya mume wangu niliwapa nusu. Alisema, 'Jina langu apewe asiyeona haya, maana mimi niliona.'"

Akafumba kiganja juu ya ushanga, akaendelea.

"Siku ile walipomtoa uwanjani aliwaomba walinzi wampitishe njia ya mbuzi, nyuma ya nyumba, wanafunzi wake waliojipanga njiani wasikione tena kichwa chake. Yeye aliyewafundisha kuinua vichwa. Chumvini alikuwa akinieleza hilo na kulia. Miguu imeoza, haikumliza. Njia ya mbuzi ilimliza. Nami nilimwonea haya mume wangu, nikawaficha." Akamgeukia Wande. "Na wewe, binti yangu, nisamehe, ningekuambia mapema. Hakugeuza uso kwa kukuchukia. Alitaka usimwone na kichwa kile."

Wande alikaa chini pale pale aliposimama, akalia kama mtoto.

Upepo wa mvua ukaanza kuvuma kutoka msituni. Nyanzobe akawatazama wale watatu. Huyu alisema kweli kwa Mtemi, akaificha kwa mkwewe. Huyu alimkana Bwana kwa hofu ya wembe, akaushika wembe mwenyewe na kubeba aibu yake mchana miaka yote. Huyu aliteswa kwa uongo, akaja kuamini ndani ya mateso, na kweli aliisema siku ambayo kunyamaza kungempa heshima kubwa. Na marehemu mwenyewe alipita njia ya mbuzi. Tone la kwanza likaanguka kwenye ngoma.

"Semeni upesi," Nyanzobe akasema, "nimfunge nani?"

Wote wakatazama chini. Ninyi msitazame chini. Nijibuni mimi: jina la Mwalimu, je, nani alistahili?